Koili zinazoungua baada ya turbo kuongezwa nguvu: je, plagi ndizo chanzo?

Kijana wa Maweni
Assalamu alaikum ndugu zangu. Nina Subaru Forester ya turbo ambayo kompyuta yake ilipangwa upya ili shinikizo la turbo lipande. Tangu hapo koili, zile zinazopandisha umeme wa cheche za plagi, zinaungua moja baada ya nyingine, na nikikanyaga mafuta kwenye barabara ya Gongoni injini hukatakata. Fundi wangu hapa Malindi ananishauri nitie plagi zenye ncha ya iridiamu, madini magumu, ilhali muuza spea anasema hizo ndizo zinazoua koili. Nimsikilize nani?

Fundi wa Shella
Waalaikumu salamu. Msikilize fundi wako, ila kwa sharti moja. Koili hupandisha volti mpaka cheche iruke, na hapo hukomea. Hewa iliyoshindiliwa na turbo huifanya cheche iwe ngumu kuruka, na nafasi baina ya ncha za plagi ikiwa pana, umeme hupasua kihami cha koili au hutoboa mpira wake ukaishia kwenye chuma cha injini. Ncha ya kati ya iridiamu, yenye unene wa milimita 0.4 hadi 0.6 hivi dhidi ya 2.5 ya plagi ya kawaida, huhitaji volti chache zaidi, kwa hiyo huipumzisha koili. Tatizo ni kwamba plagi nyingi za aina hiyo huuzwa zikiwa na nafasi ya milimita 1.1, ambayo haifai kabisa kwa gari lako. Ishushe hadi 0.7, au 0.6 shinikizo likiwa kubwa, kwa kupinda ncha ya nje peke yake. Iridiamu ukiichokoa hukatika.

Abu Turbo
Naafikiana na fundi, lakini ikiwa inayoungua ni koili ya silinda ile ile kila mara, chunguza kwanza kisima cha plagi, yaani tundu inamokaa plagi. Injini ya Subaru imelala, na sili zikichoka oili huingia humo na kuulainisha mpira wa koili. Tazama na pini za soketi pia, maana chumvi ya pwani yetu huzila zikawa kijani.

Kijana wa Maweni
Shukran. Je, nikitia plagi baridi zaidi nitazinusuru koili?

Fundi wa Shella
La. Plagi baridi ni ile inayopoteza joto haraka; kutoka namba 6 kwenda 7, iliyo baridi zaidi, kwa plagi za kampuni ya NGK ni kinga dhidi ya joto la silinda, si dawa ya koili. Tena plagi iliyo baridi kupita kiasi hushika masizi na kuanza kukosa moto. Afadhali umuulize aliyepanga kompyuta kama aliurefusha muda wa kuchaji koili, kwa sababu ukizidi, koili huungua hata plagi zikiwa sawasawa.