Ekari 2 Naliendele, naweza kujitegemea au nitaumbuka?

Mhamiaji_Dar: Wakuu habari za jioni. Mke wangu kwao Mtwara, tumepata ekari 2 pande za Naliendele, ina mikorosho mizee kama 15. Sitaki biashara, nataka siku mambo yakiharibika familia ya watu 5 ile na inywe bila kukimbilia dukani. Wasiwasi wangu mji nao unakuja hukohuko. Panafaa au niende Lindi, bondeni Mingoyo?

kuchele_damu: Ulienda kuangalia mwezi gani mkuu? Kama ni Machi hujaona kitu, Machi huku hata jiwe linaota. Sie mvua yetu ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na mwezi wa pili inaweza kukata mahindi yakajikunja, halafu ni jua tu mpaka Novemba. Nenda mwezi wa 10 ulale siku mbili uone majirani wanachota wapi na ndoo wanauziwa bei gani. Watu 5 kila mtu ndoo ya lita 20 ni lita 100 kwa siku, siku 180 za kiangazi ni lita 18,000 na hapo kuku hajanywa. Bati la mita 8 kwa 10 mvua ya milimita 10 inakupa kama lita 800, so maji yapo, pa kuyaweka ndo hela. Mi nilianza na simtanki la lita 2,000 nikajiona mjanja, mwezi wa 7 nalipiga kofi linalia ngoma.

mama_makopa: Mhogo kwanza baba, mwingine unauacha ardhini mwingine unaanika makopa, mbaazi weka pembeni. Mikorosho usikate, ndo hela ya chumvi na ada. Ila jua mwezi wa 6 mpaka wa 8 majirani wanapuliza salfa ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, kusi likivuma vumbi linafika mpaka kwenye kamba ya nguo, kwahiyo chomoa bomba la bati vumbi lisiingie kwenye tangi. Kuku chanja kideri kila miezi 3 usisubiri wasinzie.

wa_bondeni: Mi nipo Mingoyo, maji tunayo na mpunga unakubali, ila mvua ikizidi bonde hilohilo linakuletea mto mlangoni. Mei 2024 kimbunga Hidaya barabara ya Dar ilikatika kule Kilwa, malori yakalala njiani. Mi mchele nilikuwa nao debe 3, kiberiti sina, nikaenda kuomba moto kwa jirani kama enzi za bibi 😂

kuchele_damu: Na la mji, pita halmashauri ofisi ya ardhi uulize hapo pamepangiwa nini, wakija kupima viwanja shamba linakatwa barabara.

Mhamiaji_Dar: Nilienda Machi 🙈 muuzaji akanipa na dafu. Ngoja niombe likizo mwezi wa 10, hela naishika kwanza.