Namba 381654729: nitawathibitishiaje wanafunzi kwamba iko peke yake?

MwalimuKoboko
Habari zenu wakuu. Nafundisha hesabu S.2 (kidato cha pili) hapa Koboko, Uganda. Ijumaa nataka kuipeleka 381654729 kwenye klabu yetu. Ina tarakimu zote za 1 hadi 9, kila moja mara moja. Ukiisoma kutoka kushoto, 38 inagawanyika kwa 2, 381 kwa 3, 3816 kwa 4, 38165 kwa 5, hivyo hivyo hadi namba nzima kwa 9. Hakuna mpangilio mwingine wa tarakimu hizo wenye sifa hii! Lakini mipangilio yote ni 362,880, na kompyuta hatuna. Nitawaonyeshaje kwa chaki? Sitaki wakubali kwa sababu tu mwalimu kasema.

BintiWaJinja
Mwalimu, kwa nini usiwape 142857? Mara 2 ni 285714, mara 3 ni 428571, tarakimu zilezile zinazunguka. Mara 7 inakuwa 999999. Wataipenda.

MwalimuKoboko
Asante dada, hiyo wameshaizoea. Sasa nataka waonje uthibitisho.

Babu_Kasese
Chaki inatosha kabisa, mwanangu. Nafasi ya tano ni 5, maana 0 haimo. Nafasi ya 2, 4, 6 na 8 zinachukua shufwa zote (2, 4, 6, 8), witiri (1, 3, 5, 7, 9) zinaenda kwingine. Tarakimu ya tatu ikiwa witiri, kanuni ya 4 (tarakimu mbili za mwisho zigawanyike kwa 4) inataka ya nne iwe 2 au 6. Ya nane vilevile, maana kinachogawanyika kwa 8 kinagawanyika kwa 4 pia.

Utamu uko hapa. Jumla ya tarakimu tatu za mwanzo inagawanyika kwa 3, na ya sita za mwanzo pia. Basi ya nne, ya tano na ya sita, zikijumlishwa peke yake, lazima zigawanyike kwa 3. Ukianza na 2 unapata 258 tu, ukianza na 6 unapata 654 tu. Kutoka 362,880 umebaki na sura mbili:

_4_258_6_
_8_654_2_

Jaza kwa kanuni za 3 na 8: ya kwanza inatoa namba mbili, ya pili nane. Kanuni ya 9 haichuji kitu, kwani 1 hadi 9 jumla yake ni 45. Inabaki kanuni ya 7, na hapo ni kugawanya tu tarakimu saba za mwanzo. 3816547 inatoa 545221 kamili, nyingine tisa zote zinabakiza.

MamaHesabu_Mbale
Wagawe vikundi, kila kimoja kipewe namba zake kati ya hizo kumi, na jibu usilitaje. 987654321 nayo imo! Wengi wataishabikia, lakini 9876543 kwa 7 inabakiza 5.

MwalimuKoboko
Shikamoo Babu, hii ndiyo niliyoitafuta. Mama, vikundi nitavipanga hivyo. Watakaomaliza mapema nitawapa 0 waiongeze mwishoni, 3816547290, waone kama kanuni ya 10 nayo inakubali.