Kompyuta inapopelekwa kwa fundi Kariakoo

Wakuu, kioo cha laptopu yangu kimepasuka na nataka kuipeleka kwa fundi Kariakoo. Je, nywila ya kuingilia Windows inatosha kulinda nyaraka za ofisi zilizomo?

Jibu: Haitoshi, mkuu. Mtu akichomoa diski na kuichomeka kwenye mashine nyingine, mafaili yatasomeka bila nywila hiyo, isipokuwa kama diski imesimbwa (yaani data imefungwa isisomeke bila ufunguo) kwa BitLocker, programu ya Windows ya kazi hiyo, ambayo ufunguo wake wa dharura wenye tarakimu 48 huhifadhiwa nje ya kompyuta.

Muulizaji: Yangu ni Windows 10 Home, na BitLocker siioni.

Jibu: Toleo hilo halina BitLocker kamili. Unganisha laptopu na runinga kwa waya wa HDMI ili uone unachofanya, nakili nyaraka kwanza, kisha utumie VeraCrypt, programu nyingine ya kusimba diski, ambayo ni ya bure.

Jibu: Fundi wa kioo hahitaji nywila yako (wengine huomba kwa mazoea tu), hivyo usimpe.