Jogoo wa jirani chini ya dirisha langu: ufugaji gani huu wa mjini?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Ninaishi Tandika, Dar es Salaam, kwenye nyumba zilizobanana kiasi kwamba jirani akikohoa tunamsikia, na jirani huyo ameegemeza banda lake la mabati kwenye ukuta wa mpaka, chini kabisa ya dirisha la chumba tunacholala. Humo kuna jogoo wa kuchi, mkubwa, mwenye miguu mirefu na sauti nzito. Saa kumi alfajiri hupanda kwenye kichanja, hujipiga mbawa mara mbili tatu hadi mabati yatikisike, hunyoosha shingo na kuwika, kisha hurudia hivyo hivyo mpaka kunakucha. Mke wangu ni muuguzi wa zamu za usiku. Anaporudi asubuhi kutafuta usingizi, jogoo bado anawika.

Nilipomwendea kwa heshima, jirani alinijibu kwamba bila jogoo matetea yake hayatataga. Hilo si kweli hata kidogo. Tetea hutaga awe na jogoo au asiwe naye. Kuku wa mayai wanaofugwa kibiashara hukaa bila jogoo na trei zinajaa. Jogoo anahitajika pale tu mfugaji anapotaka vifaranga, na hata hapo, tetea akishapandwa huhifadhi mbegu mwilini na huweza kutaga mayai ya kuangulia kwa wiki nzima au zaidi. Kwa hiyo anayetaka vifaranga anaweza kuazima jogoo kwa mwenye eneo kubwa, akakaa naye siku chache na kumrudisha, badala ya kutukesha mwaka mzima.

Wengine wananiambia nizoee kwa sababu jogoo huwika tu akiona mwanga. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo ana saa yake ya ndani ya mwili, na huanza kuwika takribani saa 2 kabla ya mwanga kuingia. Mwanga na sauti za majogoo wengine humchochea zaidi, na jirani yangu, akijua au asijue, amefunga taa ya ulinzi juu ya banda, inayowaka usiku kucha! Hata kuizima taa hiyo, jambo lisilomgharimu shilingi, amekataa.

Nimefika kwa mjumbe, akasema tuvumiliane. Kuvumiliana ni kwa pande mbili, na mpaka sasa anayevumilia ni mimi na familia yangu. Nchi hii ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo tangu mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, lakini ukizitaja mtaani unaonekana mwenye maringo, kana kwamba kulala ni anasa ya watu wa Masaki.

Sipingi ufugaji, na matetea yake hayanisumbui. Ninachodai ni kwamba jogoo auzwe au apelekwe shamba, na kama hilo haliwezekani, alazwe gizani ndani ya banda la tofali, upande wa pili wa kiwanja, karibu na dirisha la mwenyewe. Kama kuna aliyewahi kufikisha shauri la namna hii kwenye baraza la kata, naomba anieleze alianzia wapi na alitakiwa kupeleka ushahidi gani.