Gari ya familia ya watu sita hapa Mwanza, bajeti M35 (milioni 35): mpya ya mkopo, used ya Japani au namba D ya jirani?

mama_mapacha_mza

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaojua magari kweli, sio wa kunitajia gari anayoipenda basi. Tunakaa Buswelu ile ya ndani, lami ikiisha unaanza kukutana na mawe na makorongo, mvua za mwezi wa tatu na wa nne ndo usiseme. Tuna watoto watatu, mkubwa yuko darasa la nne na mapacha wanaanza chekechea, alafu mama mkwe yuko Buchosa, akija kliniki Bugando anafikia kwetu, kwahiyo mara nyingi tunakuwa watu sita. Sa hivi tuna Toyota IST, imetusaidia sana lakini wa sita inabidi apakatwe na chini inasugua mawe kila siku. Na tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 safari za ukweni zimeongezeka maana ile foleni ya kivuko haipo tena.

Tuna M35, tukibana kabisa M38. Mume wangu anataka tuagize Toyota Vanguard Japani. Jirani yetu anauza Nissan X-Trail ya 2008 namba D (ishasajiliwa na kutumika hapa nchini, namba zake zina herufi D) kwa bei nzuri mno, anasema haina shida yoyote. Kuna shoga yangu yeye ananiambia niachane na used, nichukue mpya ya shorumu kwa mkopo wa kazini nilipe taratibu. Mimi ninachotaka ni gari iliyonyanyuka kidogo, isiyonilaza njiani na watoto, na spea nizipate hapahapa Mwanza. Mnanishauri nini?

Ng'wana_Magu

Vanguard dada, usiumize kichwa. Zipo za siti saba, spea kila duka pale mjini, na siku ukitaka kuuza haimalizi wiki. Mumeo yuko sahihi.

fundi_wa_nyakato

Mama mapacha karibu. Mimi ni fundi, nitasema kwa urefu kidogo maana hapa kuna hela ya watoto.

Kwanza tuache majina ya magari tuongelee gia boksi, sababu kwa gari za aina hii injini ni mara chache kukuangusha, kinachomaliza watu hela ni gia boksi. Hiyo X-Trail ya 2008 ni ile T31, ilitengenezwa kuanzia 2007 mpaka 2013, injini yake ya 2.0 ni nzuri tu, ya cheni, shida ni kwamba nyingi ni CVT. CVT haina gia za kuhesabu moja mbili tatu, ina mkanda wa chuma unaozunguka katikati ya puli mbili, na ule mkanda unaishi kwa oili yake maalum, kwa T31 ni ile inaitwa NS-2. Ukiweka oili nyingine au ukapitisha muda bila kubadili, mkanda unateleza unakwaruza puli, na ukishakwaruza hapo hakuna kurekebisha ni kutafuta gia boksi nyingine. Hili sio la kusingizia, Nissan wenyewe kule Marekani waliongeza waranti ya CVT zao za 2003 hadi 2010 ikafika miaka kumi au maili 120,000. Sasa ongeza milima yetu, joto, watu sita na viroba vya mchele toka ukweni.

Lakini, na hapa Ng'wana_Magu unisikilize, usidhani ukiikimbia Nissan umeikimbia CVT. Vanguard ya 2.4 na RAV4 za Japani za miaka ileile nazo ni CVT. Zinavumilia zaidi, hilo nakubali, ila nazo zinataka oili yao na sio haidroliki (oili ya gia boksi za automatiki za kawaida) ya kopo lolote. Alafu ile injini ya 2.4, 2AZ, inajulikana kwa kula oili sababu ya ringi za pistoni, Toyota nao Marekani ilibidi waongeze muda wa waranti kwa ajili hiyo. Sio zote zinakula, ila unaikagua. Iache iungurume bila kukanyaga mafuta dakika kumi alafu mtu akanyage mafuta wewe uko nyuma, ukiona moshi wa bluu ondoka. Pitisha kidole ndani ya bomba la silensa, masizi makavu sawa, masizi ya mafutamafuta sio sawa.

Ambazo hazina CVT na bado ni familia: Mazda CX-5 ya petroli ina gia boksi ya kawaida ya gia sita, Honda CR-V ya 2.4 ile ya 2006 mpaka 2011 ina gia tano, ila zote hizo ni siti tano. Yenye siti saba na gia boksi ya kawaida ambayo watu hawaitaji ni Honda Crossroad, ilitoka 2007 hadi 2010 tu, ya 1.8 na ya 2.0. Mashine ni nzuri sana ile, tatizo lake ni vitu vya bodi, ukivunja taa au bampa utasubiri iletwe kutoka Dar.

Na tafadhali CX-5 ya dizeli usiiguse kwa mizunguko yako. Ina chujio la masizi ya moshi ambalo linajisafisha gari ikitembea mwendo mrefu ikiwa ya moto, wewe ni Buswelu shule, shule sokoni, litaziba tu.

clearing_kirumba

Niongezee upande wa kuagiza maana ndo kazi yangu. Watu wengi wanaogopa cc, wanasahau umri, na umri ndo unaumiza. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, cc 1001 mpaka 2000 ni asilimia 5 na zaidi ya 2000 ni asilimia 10. Alafu sasa gari ikiwa na miaka 8 mpaka 10 unaongezewa 15, ikipita miaka 10 unaongezewa 30. Mwisho VAT 18 juu ya jumla yote.

Chukua mfano gari TRA (mamlaka ya mapato) wameithaminisha M10 ikiwa imefika bandarini, cc 1800, zaidi ya miaka kumi. Forodha inakupeleka M12.5, bidhaa na uchakavu zinakupeleka kama M16.9, VAT inakufikisha karibu M19.9, hapo bado tozo ndogondogo, bandari, wakala na namba. Gari hiyohiyo ingekuwa chini ya miaka 8 ungeishia kama M15.5. Yaani umri umekula zaidi ya M4, wakati kutoka cc 1800 kwenda 2400 tofauti haifiki hata milioni moja. Na TRA wanatumia thamani yao sio ile uliyolipa wewe, kwahiyo kabla hujatuma hela Japani ingia kwenye kikokotoo cha magari kwenye tovuti yao uweke modeli na mwaka, kipo wazi kwa kila mtu.

Sasa kwa Vanguard: iliacha kutengenezwa 2013. Maana yake hakuna Vanguard hata moja leo itakayokwepa ile 30. Crossroad hivyohivyo. Ndo maana mimi kwa gari za umri huo nashauri watu watafute iliyoko tayari nchini, kodi ilishalipwa na mwenzio, mradi iwe imetunzwa. Ukiagiza, agiza ya miaka ya karibuni, na omba karatasi ya mnada, usikubali kutumiwa picha tu. Daraja la 4 au 4.5 ni safi, 3.5 ina mambo madogo ya kawaida, ukiona R au RA hiyo ilishagongwa ikatengenezwa.

Mwl_Pasiansi

Mimi niko upande wa huyo rafiki yako kidogo. Gari mpya unajua historia yake maana unaianza wewe, na waranti kwa kawaida ni miaka mitatu au kilomita 100,000. Toyota Rush hii mpya ina siti saba, 1.5, imenyanyuka kweli, sentimita 22 kutoka chini. Ila ujue haina foo wili, inasukuma matairi ya nyuma tu, na M35 hiyo ni kama nusu tu ya bei yake, iliyobaki ndo mkopo. Na benki ikishika gari lazima uweke bima kubwa kila mwaka mpaka deni liishe. Kama mshahara ni wa watu wawili na hamna deni lingine mimi ningefanya. Kama ni wa mtu mmoja na ada za watoto watatu zinakuja, hapana.

kaka_wa_igombe

Watu sita, mama mkwe mgonjwa, mizigo. Chukueni Toyota Noah ya foo wili mambo yaishe. Mama anaingia mlango wa kuteleza bila kupanda, watoto wanalala njiani. Hizo siti za nyuma kabisa za Vanguard ni za watoto tu, mtu mzima magoti yanafika kidevuni, na ukizifungua buti imekwisha.

mama_mapacha_mza

Asanteni sana nyote, nimejifunza mengi kwa siku moja. Kaka wa Igombe suala la mama kupanda nilikuwa sijaliwaza, goti linamsumbua. Ila Noah chini si itagusa mawe ya huku? Mwl. Pasiansi mshahara ni wa kwangu tu kwa sasa, mume wangu biashara yake ya dagaa inategemea giza la mwezi, kwahiyo mkopo mkubwa nimeutoa kichwani.

Fundi, nimemuuliza jirani kuhusu oili ya gia boksi, anasema ilibadilishwa mwaka juzi na fundi wake, waliweka "haidroliki nzuri". Na swali lingine, mume wangu anasema gari zilizokaa huku ziwani zinaoza bodi sababu ya unyevu wa ziwa, ndo maana anataka ya Japani. Ni kweli?

fundi_wa_nyakato

Haidroliki nzuri kwenye CVT? Hiyo X-Trail muachie jirani, hata akishusha bei zaidi. Inaweza kutembea miezi ikiwa safi kabisa, alafu siku unapanda mlima na watoto ikaanza kulia kama king'ora na kupoteza nguvu.

La kutu: ziwa letu ni maji baridi, halina chumvi. Kinachokula chuma haraka ni chumvi, na chumvi gari inaipata sehemu mbili. Ya kwanza ni hukohuko Japani, mikoa ya theluji kama Hokkaido wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, gari inakuja juu inang'aa chini imeliwa. Ya pili ni Dar na pwani, upepo wa bahari. Gari iliyokaa Mwanza, Shinyanga, Geita maisha yake yote mara nyingi ina chini safi kuliko hizo. Kwahiyo yoyote mtakayoipata ipandishwe juu, muangalie mabomba ya breki, pale springi zinapokalia na fremu ya chini ya injini. Ukikuta chini kumepakwa rangi nyeusi mpya mpya muulize muuzaji kwanini.

clearing_kirumba

Na kama ni ya mtu, kadi isome jina, iwe la huyohuyo anayekuuzia au awe na mkataba wa aliyemuuzia. Weka namba kwenye mfumo wa faini wa polisi, madeni ya trafiki yanakaa kwenye gari, ukinunua yanakuwa ya kwako. Kubadili umiliki TRA fanyeni siku hizohizo mkishalipana.

Ng'wana_Magu

Fundi umenifungua macho kuhusu hiyo CVT ya Vanguard, sikuwa najua. Ya kaka yangu iko Magu hapa haijawahi kusumbua lakini nitamwambia akabadili oili.

fundi_wa_nyakato

Mwambie aende na oili yake mkononi, asome kopo mwenyewe.

Mama mapacha, kwa maelezo yako mimi ningetafuta Vanguard au Crossroad iliyoko nchini, iliyokaa huku bara, kwa M28 hadi 30, hela inayobaki usiiguse. Hiyo ni ya matairi, oili zote, bushi na shokapu ndani ya miezi ya mwanzo, maana hakuna used isiyodai. Noah ya foo wili kwa lami na vumbi la kawaida sawa, kwa mawe ya Buswelu ndani itapiga chini, hapo umewaza vizuri. Kwa mama mkwe siti ya mbele inamtosha, na mkanyagio wa pembeni mnafunga hapahapa mjini.

Siku ya kujaribu msizunguke mtaa mkarudi. Iendesheni kwanza mpaka Usagara na kurudi ili gia boksi ipate moto kweli, alafu pandeni nayo mlima wa Bugando mkiwa watu wazima wanne, simameni katikati ya mlima, muondoke tena taratibu. Kisha ipande kwa rivasi sehemu isiyo na magari. Ikitetemeka wakati wa kuondoka, ikivuma au ikachelewa kushika, rudisheni ufunguo. Angalia na tarehe ya matairi, zile namba nne za mwisho, 2316 maana yake wiki ya 23 mwaka 2016, hata kama kashata (meno ya tairi) bado ziko juu hilo halifai kwenda Buchosa na watoto. Na siti za watoto kaa mwenyewe uvute kila mkanda, hasa wa katikati nyuma, kuna gari ule wa katikati ni wa kiunoni tu, hapo usimuweke pacha yeyote.

mama_mapacha_mza

Nimeandika yote kwenye daftari. Kuna Vanguard ya 2010 namba D naambiwa ipo Geita kwa mtu wa kwanza kuitumia, Jumamosi tunaenda kuiona, nitamwomba tushuke nayo mpaka Mwanza ili ipate moto ndo tupande Bugando. Fundi naomba nikuandikie inboksi.

fundi_wa_nyakato

Karibu. Mwambie asiiwashe asubuhi kabla hamjafika, nataka muisikie injini ikiwa ya baridi.