Mrejesho: nyasi za uani, Nyamasaria

Wenzangu, mwezi Machi niliuliza kwa nini nyasi zangu hapa Nyamasaria, Kisumu, zinageuka manjano na maji yanatuama kila mvua ikinyesha. Wengi mlisema tatizo ni udongo, si nyasi. Kweli kabisa.

Nilichimba shimo la futi moja, nikalijaza maji jioni. Asubuhi yalikuwa bado yamo, na chura keshahamia. Huu udongo mweusi wa huku ukilowa unanata kama gundi, ukikauka unapasuka hadi kidole kinazama. Aliyenikataza kumwaga mchanga kidogo juu yake, asante sana. Jirani alimwaga, sasa kwake jembe linadunda.

Niling'oa nyasi zote za zamani, nikalima kwa jembe uma sentimita 15 hivi, nikachanganya toroli 20 za samadi iliyooza vizuri, nikainua kidogo upande wa nyumba ili maji yateremkie mtaroni. Kusawazisha kwa reki ndiko kulikonimaliza mgongo. Kisha nikapanda nyasi mpya, aina ya pemba.

Sasa ni wiki ya saba, zimeshikana, ila kona ya karibu na tangi bado ina upara. Ndago, yale magugu yanayofanana na nyasi, nazo zimerudi, maana ukikata juu tu, vinundu vya chini huchipua upya. Chokaa ya kupunguza asidi ya udongo sijatia, nangoja kwanza udongo upimwe.