Kazi tano katika jioni moja: nani aanze, nani amalize?

Swali: Mtunzi wa Sinza

Ndugu zangu wapenzi wa sanaa za jukwaani, nawasalimu. Sisi ni watunzi watano wa dansi ya kisasa hapa Dar es Salaam, wote bado chipukizi, na tumekubaliana kuonyesha kazi zetu mpya katika jioni moja, kila kazi ikipewa dakika kama kumi na mbili. Hatuna mdhamini wa kutuamulia mambo, kwa hiyo kila kitu tunakijadili wenyewe, na kilichotugawa ni mpangilio wa kazi hizo.

Kazi yangu ni ya mchezaji mmoja. Inachukua mwendo wa kiuno wa sindimba, ngoma ya Wamakonde, na kuucheza polepole mno, bila ngoma wala muziki wowote, ili mtazamaji auone mwili ukifanya jambo ambalo kwa kawaida tunalisikia kabla ya kuliona. Wenzangu wanataka nifungue mimi kwa sababu kazi ni tulivu, nami nahofia kwamba itachukuliwa kama kitu cha kusubirishia watu. Je, mpangilio uamuliwe kwa kigezo gani? Na je, ni vyema kumweleza mtazamaji kabla ya kila kazi inahusu nini?

Jibu: Mwalimu Mstaafu, Bagamoyo

Mwanangu, swali hili waandaaji wengi hulimaliza kwa kura au kwa ukubwa wa jina, ilhali mpangilio wa jioni ni utunzi wa sita juu ya hiyo mitano yenu, na unahitaji kufikiriwa kwa uzito uleule.

Kazi isiyo na sauti haifai kufungua jioni katika jiji lenu. Watu wanatoka Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta, foleni haimwahidi mtu saa ya kufika, na robo saa ya mwanzo itakuwa ya milango kufunguliwa na watu kutafuta viti gizani. Mimi ningeiweka kazi yako mara tu baada ya ile yenye ngoma nyingi kuliko zote. Sikio lililoshiba ngoma hubaki likiidai kwa muda, na katika dai hilo ndipo kiuno cha sindimba kitakapoonekana vizuri, kwa kuwa mtazamaji ataipiga ngoma mwenyewe moyoni. Lakini kabla ya kuamua, ulizaneni wachezaji wenu ni akina nani. Katika mji wenye wachezaji wachache wa dansi ya kisasa, mtu mmoja huweza kuwamo katika kazi tatu, na kumtoa katika moja akiwa ametota jasho na kumwingiza katika nyingine baada ya dakika mbili ni kumdhulumu yeye na watunzi wote wawili.

Nataka pia mjue kwamba jioni ya namna hii si jambo geni kwetu. Kikundi cha Taifa cha Ngoma kilichoundwa baada ya uhuru kilizipanga ngoma za makabila mbalimbali zifuatane jukwaani, kila moja ikiwa imefupishwa, na hapo ndipo wengi wa rika langu tulipojifunza kwamba ngoma moja inaweza kuifunika nyingine au kuifungulia njia. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa hapa Bagamoyo mwaka 1981, hicho ambacho sasa kinaitwa TaSUBa, ujuzi huo haukupotea.

Kwa upande wa dansi ya kisasa, mfano ninaoupenda kuutaja darasani ni wa New York, tarehe 6 Julai 1962, katika kanisa la Judson, ambako watunzi 14 walionyesha kazi 23 usiku mmoja, bila kiingilio, kwa muda wa karibu saa tatu. Miongoni mwao walikuwamo Steve Paxton na Yvonne Rainer, ambao baadaye walibadilisha fikra za wengi kuhusu dansi ni nini. Watu hukumbuka wingi wa kazi, nami huwakumbusha kilichotangulia: watunzi wale walitoka katika darasa la utunzi la Robert Dunn, ambamo kila mmoja alikwisha kuiona kazi ya mwenzake ikiwa changa na kuijadili. Je, ninyi watano mmewahi kukaa na kutazamana mkiwa bado mnatunga? Kama hamjafanya hivyo, mpangilio mtakaoupata utakuwa wa makisio tu.

Jibu: Fundi Taa, Temeke

Naunga mkono hoja ya Mwalimu, ila nina mambo ambayo yanaweza kuupindua mpangilio wowote.

La kwanza ni sakafu. Kama kuna mtunzi anayemwaga mchanga, maji au unga jukwaani, kazi yake iwe ya mwisho au iwe kabla ya mapumziko, bila mjadala, kwa sababu wengine mnacheza pekupeku na hakuna anayeweza kukausha sakafu ipasavyo huku watazamaji wakisubiri. Kagueni pia kama chini ni mbao au ni zege lililowekwa vigae; anayeruka sana juu ya zege atalipa kwa magoti.

La pili ni taa. Jioni ya pamoja hutumia mfumo mmoja wa taa kwa kazi zote, kwani hakuna muda wa kupanda ngazi na kuzigeuza katikati ya onyesho. Kwa hiyo kaeni pamoja mapema mkubaliane taa za msingi, kisha kila mtunzi aombe mabadiliko machache anayoyahitaji kweli, akiyaandika kwa utaratibu: taa ipi, inawaka lini, inazima kwa kasi gani. Dada wa Sinza, kwa kazi yako nakushauri udai taa za pembeni, zilizosimamishwa usawa wa kiuno. Taa ya mbele huufanya mwili uonekane bapa, na mwendo mdogo wa nyonga utapotea kabisa. Ya pembeni huchora kila msuli.

La tatu ni ukimya wenyewe. Ukumbi ukiwa wa wazi au nusu wazi, ukimya wa Dar es Salaam una feni, una jenereta likiwashwa, una bodaboda, na una adhana ya Isha ambayo kwa hapa huangukia kati ya saa moja na robo na saa mbili usiku. Tazameni saa hizo mnapopanga. Wale wanaotumia nyimbo zilizorekodiwa waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki, namna ya kupata ruhusa, na kibali cha onyesho kutoka BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kisiachwe hadi wiki ya mwisho.

Jibu: Mama Mtazamaji, Upanga

Mimi si msanii, ila nimezoea kuhudhuria maonyesho katika kituo cha sanaa cha Nafasi kule Mikocheni na Alliance Française, kituo cha utamaduni wa Kifaransa, hapa karibu na kwangu, na naomba nijibu lile swali la pili ambalo mmelipita.

Tafadhali msitueleze kabla. Mtu akisimama na kipaza sauti kuniambia kwamba kazi hii inahusu upweke wa vijana mjini, basi kwa dakika zote kumi na mbili nitakuwa nautafuta upweke, na nisipouona nitajiona mjinga. Nipeni karatasi yenye jina la kazi, mtunzi, wachezaji na aliyeandaa muziki, na ikiwezekana sentensi moja. Sentensi ya nasaba ndiyo inayonisaidia zaidi. Ukiandika kwamba mwendo umetoka katika sindimba ya Wamakonde, mimi niliyeicheza shuleni nitakuwa na mlango wa kuingilia, na chochote utakachokibadilisha nitakiona kama badiliko.

Jambo jingine, msitukataze kuwa sisi. Hadhira ya hapa hupiga vigelegele mchezaji akifanya jambo zuri, huitikia, na katika mdundiko huacha hata kuwa hadhira ikafuata ngoma barabarani. Nimewahi kuona mtangazaji akituomba tukae kimya hadi mwisho, na ukumbi mzima ukapoa kwa kazi zote zilizofuata.

Mtunzi wa Sinza

Nashukuru sana, Mwalimu, Kaka Fundi na Mama. Ni kweli hatujawahi kutazamana kikamilifu, na nimewaandikia wenzangu leo tupange siku ya kufanya hivyo. Mmoja wetu anatumia mchanga, kwa hiyo nafasi ya mwisho imekwisha kupatikana.

Kwa heshima, Mama, hapo kwenye vigelegele natofautiana nawe kidogo. Kazi yangu inategemea pumzi ya mchezaji isikike. Kigelegele kimoja mapema kitamfanya aongeze kasi, nami namfahamu. Je, hakuna njia ya kuomba utulivu bila kuupoza ukumbi? Na kuna swali ambalo wenzangu wameniomba niliulize: majadiliano baada ya onyesho yaendeshwe vipi ili yasigeuke kuwa hukumu ya nani amemshinda nani?

Mwalimu Mstaafu, Bagamoyo

Usiombe utulivu kwa maneno, uombe kwa jukwaa. Mchezaji aingie gizani, akae, na taa ije taratibu mno. Hadhira hunyamaza yenyewe inapohisi kwamba kuna kitu kinachohitaji sikio lake. Na kigelegele kikija hata hivyo, mfundishe mchezaji wako kukipokea bila kuongeza mwendo. Hilo ni zoezi zuri kuliko unavyodhani, na lifanyieni mazoezi mbele ya watu.

Kuhusu mjadala, kuna utaratibu uliobuniwa na mtunzi wa dansi wa Marekani, Liz Lerman, mwaka 1990, ambao nimeuona ukifanya kazi hata kwa wanafunzi wenye aibu. Watazamaji huanza kwa kusema kilichowagusa au kilichobaki machoni mwao. Kisha mtunzi huuliza yeye maswali yake. Kisha watazamaji huuliza, lakini maswali yasiyobeba hukumu ndani yake. Na maoni huja mwisho kabisa, kwa mtunzi kuulizwa kwanza kama anataka kuyasikia. Zungumzeni kazi moja baada ya nyingine, kwa mpangilio uleule wa jukwaani, na msiruhusu kazi mbili kulinganishwa. Msizidishe nusu saa. Wanaotegemea daladala za mbali wataanza kutoka, na wengi wao watakuwa wale wasio wasanii, ambao maneno yao mnayahitaji kuliko yetu.